Vidole Viwili vya Fundi Lamine

Sfax,
9 Novemba 1986

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limekupa nafasi ya kupumua kabla baridi haijakolea. Mama naye hajambo? Mwambie harisa, ile pilipili yake ya kusaga aliyonifungia, imekwisha, na nusu yake ameila mama mwenye nyumba, ambaye kila jioni hupita kuonja kidogo tu. Mimi ni mzima wa mwili. Rohoni nina hasira, na hilo sikufichi, maana ukiona nilivyokandamiza kalamu utajua mwenyewe.

Nakuandikia habari za karakana, ile ile iliyokula ujana wako. Unaijua sheria aliyoiacha marehemu baba yake bosi wetu, Bwana Taoufik: kila karatasi ina michoro mitatu, wa mbele, wa juu na wa ubavuni, basi. Mwanawe ameirithi sheria hiyo pamoja na kiti. Ukimwomba wa nne anakuambia mchoro si keki ya harusi, wa kuongezwa ghorofa.

Mitatu inatosha kwa sanduku. Lakini faneli ya kumiminia zeituni kinuni si sanduku, kuta zake zimelala. Ukuta uliolala ukiutazama kutoka mbele unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Muulize Mama kuhusu sinia lake analoliegemeza ukutani jikoni: anayesimama mlangoni analiona kama yai. Ili ulione la mviringo, huna budi uiname mpaka likutazame uso kwa uso. Mchoro wa nne ndio kuinama huko. Shuleni tuliuita mwonekano saidizi: unauchora ukuta kama vile umesimama uso kwa uso nao, na vipimo vyake vyote vinatoka vya kweli.

Wewe uligundua ule ufupi kabla sijazaliwa. Bati lililokatwa kwa kufuata mchoro halikufika, basi ukaweka vidole viwili chini ya mstari, ukakata hapo, likafika. Ofisini hukumwambia mtu. Ulimfundisha Bechir, Bechir akawafundisha wengine, na mpaka leo hakuna ukuta wa faneli unaokatwa bila vidole viwili vya Fundi Lamine.

Mwezi uliopita Haji Ferjani aliagiza faneli ya kinu chake kipya. Nikachora mitatu ya sheria, kisha nikachora wa nne, nikauandikia vipimo kamili. Bechir akauchukua, akautazama vizuri, na kwa heshima yako akaweka vidole viwili. Faneli ikatoka ndefu, ikakataa kukaa kwenye fremu yake.

Tukaitwa wote uani. Haji Ferjani akaizunguka, akaniuliza, “Binti, hii faneli au tarumbeta?” Watu wakacheka. Bechir akasema yeye amekata kama siku zote, vidole viwili vya Fundi Lamine, Mungu ampe afya, na hapo hakuna aliyeona kosa lolote. Bwana Taoufik akanigeukia. Akasema balaa lote limeletwa na hilo lichoro langu la nne, nilifute, nichore fupi kama zamani, vijana wanajua kuongeza. Nikamuuliza kama ananilipa nichore uongo ili wenzangu wausahihishe kwa vidole. Akasema, “Ndiyo, na kazi imekwenda hivyo miaka yote. Kwani wewe ni nani?”

Nikamwambia mimi ni binti wa mwenye vidole, na sifuti.

Bechir alinifuata baadaye, uso chini, akaninong'oneza, “Dada yangu, si ufute tu! Kamstari tu kale. Kwani unakula mistari?” Nikamwambia ndiyo, ndiyo ninayoila.

Najua utakavyosema. Barua yako iliyopita ilisema msichana aliyepewa kiti ofisini ashukuru, ainamishe kichwa. Baba, kwa hili sikusikii. Wewe mwenyewe hukuinamisha kichwa mbele ya mchoro wa uongo, ila ulinyamaza. Mimi kunyamaza siwezi. Vidole vyako havikuwa kosa, vilikuwa akili yako ikiwajibu watu ambao hawakuwahi kukuuliza. Lakini mlalo wa ukuta ukibadilika, navyo vinadanganya. Umeisahau faneli ya kile kinu cha kule Jebeniana? Uliziba nyufa zake kwa kuchomelea mpaka ikawa na mishono kama godoro, ukarudi nyumbani ukakataa kula. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuona.

Sasa nifike kwenye neno ninalolizunguka tangu mwanzo. Pale uani, mbele ya wote, niliapa kwamba Fundi Lamine akikata kuta za faneli hiyo juu ya mstari wangu, bila kuongeza kitu, na zikikataa kukaa, nitaufuta mchoro kwa mkono wangu na kuiacha kazi hii moja kwa moja. Nikasema umekwisha kukubali. Sikuwa nimekuuliza, Baba. Nilisema uongo kwa jina lako, mimi niliyekuwa nikipiga kelele juu ya uongo wa wengine. Ulimi uliwahi, na nikiuvuta nyuma sasa watasema hata wewe huniamini. Bwana Taoufik alikubali papo hapo, kwa sababu jina lako hapa lina uzito kuliko lake.

Alhamisi gari litaleta mabati na mchoro hapo El Djem. Ijumaa baada ya swala watakuja wote, na Haji Ferjani pia, wakiwa na fremu.

Ukilirudisha gari, nitakusanya penseli zangu na sitakulaumu. Hilo siliogopi. Ninachokiogopa ni huruma yako. Naujua mkono wako: utafika kwenye mstari, utaniwaza mimi, utaona bora lizidi kuliko lipungue, na vidole viwili vitajiweka vyenyewe. Watu wote hawa wananiongezea kwa sababu wanaamini nimepungua. Usiniongezee, Baba. Safari hii kata juu ya mstari.

Nisalimie Mama sana, na Ami Sadok, na majirani wote wanaoniulizia nitaolewa lini. Ijumaa nitafika na gari lao, mbele, karibu na dereva. Waambie watengeneze kuskusi ya kutosha, maana tukishinda tutakula na tukishindwa tutakula.

Ni mimi binti yako nisiyefuta,

Naziha