Siku Tulipoacha Kumpigia Ntemi Makofi

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Buswelu hatujambo, na mjomba wako amepata kazi kiwanda cha sangara.

Unauliza kwa nini Wafaransa walimkata kichwa mfalme wao. Njaa ilikuwepo, lakini umeandika pia kwamba alitoroka, wakamkamata njiani. Hapo nikamkumbuka ntemi wetu, mfalme tuliyemtegemea atuletee mvua. Nilipokuwa kijana mvua ilikataa kunyesha, naye akatoroka. Tulimkuta ufukweni pa Kamanga akingoja mtumbwi, amejifunika kaniki ya mkewe.

Desturi yetu ilikuwa kumpigia magoti na makofi. Siku hiyo tulisimama tu. Yeye ndiye aliyepiga magoti.

Hatukumgusa, Kabula. Lakini nilijua kuwa sasa tunaweza.

Babu yako