Kwa Anania Mwasomola, Msikilizaji wa Mawe

Mwaka umetimia, Baba, tangu Julai ile ya 1958 ulipotutoka hapa Mbeya, baridi ikiwa kali kama leo. Daktari alisema ni mapafu. Sisi hatukuuliza zaidi, tukakuzika.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Ulitembea taratibu, ulikula taratibu, na hukumfokea mtu. Miaka minne ulimbebea bwana mpima miamba kisanduku chake, kile kinacholia tik-tik kikikaribia jiwe lenye nguvu ya atomiki, mkapanda na kushuka vilima vya upande wa Songwe. Jioni ulimsimulia Tupokigwe, binti yako aliyeishia darasa la nne, mambo uliyoyasikia huko.

Ulisema vitaundwa vyombo vya kwenda mpaka nyota ya Mirihi. Joto la jiwe lile litatoa umeme, au umeme utapatikana kwenye jua lenyewe, na umeme huo utatupa nyuma chembe ndogo kuliko vumbi, chombo kisogee mbele. Kisha ukamwekea karatasi kiganjani.

"Msukumo wake ni uzito huu tu, mama. Lakini haupumziki. Mwezi unaisha, mwaka unaisha, unasukuma tu, mpaka hakuna cha kukifikia."

Anil wa dukani alikucheka. "Karatasi ya kufungia sukari itakufikisha Mirihi, Anania?"

"Mzizi wa mti ule umepasua sakafu yako, bwana Anil," ukamjibu. "Ulishawahi kuusikia ukisukuma?"

Ulipofariki, maneno hayo yalianza kumtisha Tupokigwe. Nguvu isiyoonekana wala kupumzika, ikiwa ndani ya nyumba je? Figa moja la jikoni ulilibeba mwenyewe kutoka kilimani. Alimwomba Mama alitoe. Mama akakataa.

"Alichokiweka mume wangu hakiguswi mpaka mwaka uishe."

Basi Tupokigwe akawa anapika huku anawachunguza kuku wanaolala kando ya figa, kama wananyonyoka manyoya. Zaidi alimwogopea wifi yake Damari, mke wa Asukile, aliyekuwa mjamzito.

Damari hukuwahi kumwona uso, Baba. Kwa desturi yetu mkwe wa kike hakutani na baba mkwe wake wala hamtaji jina. Ukija njia hii, yeye aliingia migombani. Hata kigoda chako hakukigusa. Lakini Juni ilipoingia na tumbo limeshakuwa kubwa, Mama alilegeza neno lake, akalishusha ukutani koti lako la kazi, lile zito lenye viraka.

"Mwenye koti kaenda, baridi imebaki. Jifunike, mwanangu."

Damari alisita siku mbili. Siku ya tatu alilivaa, na tangu hapo hakulivua hata kulala.

Jumapili iliyopita Tupokigwe alimngoja Silvester, mwenzako wa kazi, nje ya kanisa, akamwomba aje na kisanduku. Alikuja kesho yake mchana. Akakishusha juu ya figa: tik, kimya, tik. Akakitoa uani: tik, kimya, tik, vilevile.

"Jiwe la ugali tu hili," akasema. "Mama, endelea kupika."

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Silvester akageuka aondoke, akampita Damari aliyeketi mlangoni. Kisanduku kikaanza kulia kama bisi kwenye kikaango.

"Wifi, kimekupenda," Tupokigwe akamtania.

Silvester hakucheka. "Vua koti, dada."

Ndani ya bitana, chini ya kiraka cha upande wa tumbo, palishonewa kipande cha jiwe jeusi, kinene kama kidole gumba, kimeviringishwa karatasi. Kwenye karatasi ulikuwa umechora chombo chako, na chini yake umeandika: Chakula cha safari. Mshono ule ni wa mkono wako, tunaujua.

"Kinadhuru?" Asukile akauliza.

"Sijui, ndugu yangu. Nilifundishwa kusikiliza tu. Anania naye hivyo hivyo."

Tumelifukia koti na jiwe lake mbali na shamba, mbali na kisima. Mama chakula hakipiti. Anasema angemwacha Damari akukimbie kama zamani. Damari ameweka mkono tumboni akingoja teke. Tupokigwe hawatazami kuku tena, anautazama mkono ule.

Hatukukasirikii, Baba. Ulikificha karibu na mwili wako kitu ulichokipenda. Ila tunaogopa, na woga wenyewe ni kama ulivyotueleza: mwepesi kama karatasi, na haupumziki.

Mtoto anatarajiwa mwezi ujao. Akiwa wa kiume, jina ni lako. Tutamleta kaburini umwone. Na kama hatutakuwa naye, tutakuja vivyo hivyo tukuambie.

Unakumbukwa na mkeo Marta, mwanao Asukile, binti yako Tupokigwe, mdogo wako Liberatus aliyeko Iringa, rafiki yako Silvester, na mkweo Damari, ambaye Mama amemruhusu leo, mara moja tu, akuite kwa jina.

Anania, siku zote za uhai wetu hutatutoka moyoni.