Kwa Papa Anselme, Kuhusu Mnyororo wa Kupimia

Papa Anselme,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa nikampitia Mama Bernadette, mke wako, na kutoka kwake ilibidi nije makaburini kukusalimia. Sikuja. Nimeona haya. Nimejifungia hapa ofisini, kwenye meza yako ya kuchorea, ile ambayo waporaji walishindwa kuipitisha mlangoni, nikuandikie yaliyotokea tangu tulipokuzika. Kalamu ya Bic hakuna, naandika kwa wino wa ramani, kwa hiyo madoa utanisamehe.

Hali ya ofisi yetu ya upimaji hapa Likasi usiiulize. Karani amekwenda Kakanda kuchimba madini, mlinzi anavua samaki ziwa Tshangalele. Nimebaki mimi, binti uliyemfundisha kushika rula, na sasa ndiye mpimaji, mchoraji na mfagiaji. Kufuli nimebadilisha mara mbili, na ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya kitenge. Najua unacheka. Ulikuwa ukiniambia, « Marceline, weye unashukuaka ata kivuli yako! » Lakini nani alinifundisha? Siku yangu ya kwanza ya kazi uliniambia, « Mu kazi yetu usiaminie muntu. Pima weye mwenyewe. » Neno hilo nimelishika kuliko sala.

Miezi miwili baada ya kifo chako alikuja bwana mmoja kutoka Kinshasa, mtu wa tume, amevaa tai na miwani. Alisema serikali inataka ramani moja ya nchi nzima. Sisi tuna ramani yetu, kampuni ya migodi ina yake, watu wa maji wana yao, kila mmoja anaanza kupima kutoka jiwe lake, na barabara moja inajikuta iko mahali patatu. Aliniambia kana kwamba ni habari mpya. Papa, wewe kila Ijumaa ulizunguka ofisi zote tatu kwa miguu na daftari lako la kijani, ukizipatanisha hizo ramani, na hakuna aliyekutuma. Sasa eti ofisi zote zitoe karatasi zao, zipimwe upya kwa kipimo kimoja.

Nilimshuku hapo hapo. Serikali iliyoshindwa kututumia dawa ya kifua chako inapata wapi nguvu ya kututumia mtu wa ramani? Anayekusanya ramani zote ndiye atakayesema nani anakaa wapi. Nilimpa zile kuukuu zilizoliwa na mchwa. Daftari la kijani nililificha nyumbani, ndani ya gunia la unga.

Halafu akaenda kupima avenue yenu, mtaa ule mpya nyuma ya reli, nyumba tisa, ulikopata kiwanja mwaka wako wa mwisho. Unaijua sheria yake: kutoka jiwe la mpaka la kampuni uhesabu minyororo thelathini, ndipo nyumba zianze. Yule bwana alinyoosha utepe wake mpya unaong'aa, akaandika, akanyoosha tena, kisha akasema nyumba zote tisa zimeingia ardhi ya kampuni kwa mita sita. Kwa Mama Bernadette, mita sita ni jikoni na chumba anacholala. Akapaka alama nyekundu ukutani kwake, maana yake pavunjwe.

Mama alisimama mbele yake na mwiko mkononi. « Chef, bwana yangu alikuwaka géomètre. Hawezi kujenga mu kiwanja ya bengine. » Yule bwana akajibu kwamba mpimaji huyo aliyepima hapa ama alikuwa mlevi, ama alikula rushwa.

Kukusema hivyo wewe! Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu kwamba amenunuliwa na kampuni, kwamba utepe wake ni wa uongo, kwamba nimemwona kwa macho yangu akinywa chai na mhandisi wao. Chai tu, Papa, lakini mimi ilinitosha. Wanawake wakatoa vinu vyao wakaziba njia. Katika kusukumana yule bwana akaangukia mferejini na miwani ikavunjika. Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Nikataka kummaliza kabisa. Niliapa kwamba nitaipima avenue upya mbele ya watu wote, kwa mnyororo wetu wenyewe. Jana nikalitoa daftari kwenye unga, nikatafuta ukurasa wa avenue yenu. Mwandiko wako ulikuwa umeanza kutetemeka. Namba zote zipo, na chini yake umeandika: « Mnyororo umehakikiwa. Marceline. » Jina lako hukuliandika.

Basi nikakushuku na wewe. Ndiyo, wewe. Nilijiuliza, kwa nini jina langu? Huyu mzee aliona kitu kikaenda kombo, akaona bora anitwike mimi? Nilikusemea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Halafu nikakumbuka ile misumari. Kila asubuhi kabla ya kutoka tulikuwa tunaunyoosha mnyororo barazani, kati ya misumari miwili waliyoipigilia wazee wa zamani. Ukifika msumari hadi msumari, ni mzima, twende kazini. Siku mji ulipoporwa waling'oa hadi saruji ya baraza, na misumari ikaenda nayo. Mnyororo niliuokota mimi, mtaroni nyuma ya soko, vipande viwili. Wewe ulikuwa umelazwa. Niliuunga kwa waya, na ili ukipona ukute baraza imekamilika, nikapigilia misumari mipya. Niliipima kwa kutumia nini, Papa? Kwa mnyororo ule ule. Tangu siku hiyo kila asubuhi mnyororo na misumari vilikubaliana, na ningeshangaa visikubaliane! Wewe ukiwa kwenye kiti chako, huwezi tena kuinama, ulikuwa unauliza, « Misumari imekubali? » Na mimi, kifua mbele, « Imekubali, Papa. »

Jana hiyo hiyo niliutandaza mnyororo juu ya meza hii nikahesabu pingili zake. Zinatakiwa hamsini. Nimepata arobaini na tisa. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, nikiweka kidole kwenye kila moja, nikapata arobaini na tisa. Pingili moja, urefu wa shibiri, ilibaki mtaroni. Minyororo thelathini, shibiri thelathini pungufu, na hizo ndizo mita sita. Utepe wa yule bwana ulikuwa unasema kweli. Nimemshuku yeye, nimemshuku mhandisi na chai yake, nimekushuku wewe uliye kaburini. Mkono wangu mwenyewe sikuushuku hata siku moja.

Leo baada ya misa nilimkuta Mama Bernadette anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia yote bila kuketi. Hakulia. Aliuliza tu, « Papa alijua? » Nikasema hapana, angejuaje? Akauegemeza mchi kinuni. Kisha akaniambia kwamba wiki zako za mwisho uliomba uletewe mnyororo kitandani. Ulikuwa unaupitisha kati ya vidole, pingili kwa pingili, midomo ikicheza. Yeye alidhani unasali rozari.

Papa, ulikuwa unahesabu?

Kama ulihesabu, ulijua. Watu walikuwa wameshaezeka, na wewe ulikuwa huna nguvu hata ya kukaa. Ulinyamaza kwa ajili yangu? Au kwa ajili ya nyumba? Na lile jina langu uliliandika kabla ya kuhesabu au baada? Ukurasa hauna tarehe. Wewe, uliyenigombeza kila nilipoacha karatasi bila tarehe! Nimeupeleka karibu na dirisha nitazame wino, na wino hausemi kitu. Inaniuma, Papa. Inaniuma kama siku ile tulipokufunika.

Mama alirudia kutwanga, kisha akasema, « Enda kwa ule muntu, umwambie. Jikoni nitajenga ingine. Lakini useme ni weye, hapana Papa. »

Nitasema ni mimi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa masista alikopanga yule bwana, nimwombe radhi kwa miwani yake, nimpe daftari la kijani. Kisha nitautandaza mnyororo mbele ya familia zote tisa, nihesabu kwa sauti. Watanitukana, na wengine watasema mimi ndiye niliyenunuliwa. Wana haki ya kunishuku. Nitamsihi bwana huyo aiombe kampuni iziachie nyumba zile mita sita, ingawa sina imani watakubali. Wakikataa, matofali ya Mama nitayabeba mwenyewe.

Habari ya kitandani Mama hatamwambia mtu, wala mimi. Hiyo nakuahidi. Kwa watu wa Likasi utabaki géomètre ambaye hakukosea hata shibiri, na kosa ni la mwanafunzi wako.

Pumzika, Papa Anselme. Lakini siku tutakapoonana nitakuuliza, na sitakusalimia kwanza.

Binti yako wa kazi,
Marceline