Fromaji Isiyo na Ng'ombe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimegeuza fromaji zote asubuhi, jibini zangu za maziwa ya ng'ombe, nikazipaka chumvi. Zimekaa muzuri, nyeupe, hazina tundu. Mu kijiji hii ya Burungu hakuna mwanamuke anakamua fromaji kama mimi. Si majivuno. Kila muntu anajua, hata wale hawanipendi.

Kisha Neema akapiga telefone. Kule Itebero, upande wa Walikale, kwenye anafanya kazi, inabidi apande kilima njo apate rezo. Binti yangu infirmiye! Mimi niliishia darasa la sita, yeye anadunga wakubwa sindano na wanamuambia asante.

Anakuja. Tarehe 23 ni siku ya dote, mahari yake, muchumba wake Joseph analeta familia yake kutoka Walikale. Nimepiga vigelegele peke yangu mu jikoni.

Kisha akasema: "Mama, sikulake tena nyama. Wala samaki, wala mayai, wala maziwa. Na fromaji pia, mama."

Nilifikiri rezo imekula neno. Nikamuambia arudie. Akarudia. Nikauliza kama iko mugonjwa. Hapana. Roho yake imekataa tu kula kintu kinatoka ku munyama. Toka mwaka jana. Aliogopa kuniambia.

Na kwetu, siku ya dote, mama anakata kipande cha kwanza cha fromaji ya mukono wake, anamuwekea binti mu kiganja, binti anakula mbele ya wageni. Asipokula ni kusema: mimi si wa nyumba hii.

Siku hiyo nimeingoja toka Neema ananyonya.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimemuambia Papa Neema. Amemaliza ugali kwanza, amenawa, njo akajibu. "Asipokula, sipokei dote. Joseph arudi na mbuzi zake."

Namujua. Hasemi mara mbili.

Wifi yangu Mama Alisi alikuwa nyuma ya ukuta. Yeye anasikia maneno ya nyumba yangu kama mbuzi anavyosikia harufu ya chumvi. Ameingia anacheka: "Mutoto wa fromaji anakataa fromaji! Walikale wamemulisha nini? Majani ya nyani?"

Nikamuambia majani ya muhogo hata yeye anakula kila siku, anaita sombe.

Nimekasirika. Si na Neema. Mutoto wangu akisema hali, hali. Nilimuzaa na kichwa ngumu kama yangu, nitalalamika kwa nani?

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimefikiri siku tatu.

Chakula bila nyama si kazi ngumu kwangu. Maharagwe najua. Sombe bila samaki ni wengi wanashindwa, kwa sababu ya haraka. Hawapondi ikalainika. Wanaweka karanga mapema, inashika chini, nyumba mzima inanuka moshi. Kisha wanasema ni samaki ilikosekana. Sombe yangu haijawahi kukosa samaki. Samaki njo inakosa sombe yangu.

Lakini fromaji.

Leo ku soko nimekumbuka: mu kambi ya Kashuga wamama wanakamua maziwa mu soja, wanapatia watoto. Nimeona na macho yangu. Sasa kama iko maziwa, itaganda. Na kama itaganda, mimi njo nitaigandisha. Hakuna mwengine.

Nimenunua soja. Nimeloweka.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Baada ya misa nimetwanga, nimechanganya na maji, nimechuja. Nyeupe kabisa. Nimepasha vuguvugu kama ninavyofanya siku zote, nimetia prezire, dawa yangu ya kugandisha, nimefunika, nimengoja.

Hakuna.

Nimengoja tena. Maji ya maharagwe. Inanuka shamba.

Papa Neema amepita, ameinama, amechungulia. "Hii ni ya kufua?"



Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nimeongeza prezire mara mbili. Nimeongeza moto pia. Ikafura kwa gafla, ikamwagika, ikazima moto. Iliyobaki haikuganda. Nguruwe wa jirani amenusa, ameenda zake.

Nguruwe!

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Mama Alisi amekuja na sauti ya huruma. Hiyo sauti siipendi. Amekaa karibu, amesema polepole: "Dada, changanya na maziwa ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Itaganda. Neema atajua na nini? Ndoa itapita, kila muntu atarudi kwake."

Nitaandika ukweli. Nimefikiria. Asubuhi mzima nilikuwa na ndoo ya maziwa mbele yangu na sufuria ya soja pembeni. Mukono ulikuwa karibu.

Kisha mu mawazo nikamuona Neema anafungua kiganja. Haangalii hata nini ninaweka. Kwa sababu ni mimi.

Hapana. Wagonjwa wanamupatia mukono yao bila kuuliza nini iko mu sindano. Alijifunza wapi kuaminika hivyo? Hapa. Kwangu. Ndoa ivunjike, lakini sitamudanganya mutoto mu kiganja chake.

Maziwa nimepatia paka kidogo, ingine nimefanya fromaji ya kuuza. Mama Alisi amesema nina kichwa ngumu. Amechelewa kujua.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nimeenda Kashuga kwa Mama Zawadi. Alikimbia vita kwao, anaishi mu kambi na watoto wake, anakaanga vipande vya soja ku soko. Njia mzima niliona aibu. Mimi, kuomba somo la fromaji! Nilitaka kurudi mara mingi. Miguu ilikataa kurudi.

Nimemuelezea vile ninafanya. Nilipofika ku prezire, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama Neema! Umeweka tumbo ya ndama mu maharagwe? Maharagwe ilinyonya wapi?"

Wamama wote wakacheka. Nimecheka pia, nilifanya nini?

Kisha kicheko kikanitoka. Tumbo ya ndama. Kweli prezire inatoka pale. Nimeitumia miaka mingi, imekuwa kwangu dawa tu mu chupa. Soja ingeganda Jumapili, ningekuwa nimemulisha Neema ndama, nikijisifu kama sijamudanganya. Mungu alinizuia na maji ya maharagwe.

Mama Zawadi amenionesha. Kumenya maganda yote. Kuchemsha sana, kutoa povu, kukoroga chini isiungue. Kutoa ku moto. Ndimu mu maji, kumwaga kidogo, kungoja, kumwaga tena. Usikoroge sasa. Usiguse.

"Mikono yako ina mazoea ya ng'ombe," ameniambia. "Ng'ombe anasamehe. Soja haisamehe."

Hakutaka malipo. Amesema nimuletee kipande, aone kama mwalimu ni mwalimu.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nimemwaga ndimu yote pamoja. Sijui kwa nini. Haraka. Imekatika kama muchanga, chachu inakunja meno.

Nimelia. Hasira tu. Nimenawa uso, nimeloweka ingine.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Kidogo. Kungoja. Kidogo. Nimeshika mikono yangu nyuma kama mufungwa.

IMEGANDA.

Mawingu meupe, maji yake ya manjano, wazi kabisa. Nimeita Papa Neema. Ameangalia. Amesema "hm". Kwa Papa Neema hiyo ni hotuba.

Nimekamua mu kitambaa changu cha fromaji, nimeweka jiwe juu. Jioni nimefungua, nimenusa. Ng'ombe! Ni kitambaa. Nimekichemsha mara ngapi, lakini miaka ya maziwa imeingia mu nyuzi. Neema ana pua yangu, atanusa mbele ya wageni wote.

Nimeenda mu sanduku, nimetoa kitambaa changu cheupe cha kichwa, kile cha sikukuu, nimekata. Na kikapu mupya, si ile ya fromaji. Mama Alisi ameshika mudomo. "Utafunga nini ku kichwa Jumapili ku misa?"

"Nitafunga akili, wifi. Hata wewe ungejaribu."

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Neema amefika! Vumbi mpaka ku kope. Alitembea, akapanda piki, akashuka, akatembea tena. Juu ya bariere za wenye silaha ku njia nilimuuliza, akasema "tulipita, mama". Sikuuliza tena. Nimemushika uso na mikono miwili. Hajakonda. Anang'ara! Waliosema hatakuwa na nguvu waje waone mabega yake.

Amekula sombe yangu sahani mbili. Kisha ku moto, akasema chini: "Mama, Jumamosi nitakataa kipande. Unisamehe mbele."

Soja ilikuwa inaloweka nyuma ya mulango. Nimenyamaza. Kunyamaza si kazi yangu, ilinichoma ulimi. Lakini kama kesho isipoganda?

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Jikoni usiku huu, miguu inauma, lazima niandike.

Wamekuja. Joseph na wajomba zake, wapole, viatu vimechoka njia. Mama Alisi alipika mbuzi ya wageni ku moto wake. Mimi sufuria zangu: sombe, maharagwe, ndizi. Wajomba walirudia sombe. Nimeona!

Wakati ulifika. Papa Neema akasimama. Neema akafungua kiganja. Alikuwa tayari kukifunga.

Nimeleta kitambaa cheupe. Nimefungua mbele ya wote. Nikakata, na pembe ikavunjika. Baada ya yote, ikavunjika! Nimeokota na vidole, nimemuwekea mu kiganja.

"Ni soja," nimemuambia. "Hakuna ng'ombe ndani. Hata harufu. Hata prezire."

Aliangalia kiganja. Akaniangalia. Akanusa, hiyo pua yangu. Akala yote, akalamba na makombo.

Mama Alisi hakuvumilia. "Hiyo si fromaji!"

Nikasema na sauti ya kufika Kitchanga: "Ninajua fromaji kuliko ninyi wote mulio hapa. Mimi njo nasema. Ni fromaji."

Papa Neema alinyoosha mukono. Nikamukatia. Alitafuna, akatafuna, bantu wote wanangoja ile taya.

"Inakosa chumvi," akasema. Kisha akageukia mujomba wa Joseph. "Papa, tuendelee. Tulifika ku hesabu ya mbuzi."

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Neema ameenda jana. Nyumba iko kubwa leo.

Nimegeuza fromaji, nimezipaka chumvi. Kipande cha Mama Zawadi nimefunga mu jani la ndizi, nitamupelekea kesho. Chake nimetia chumvi.

Kidogo kilichobaki nimekula mimi. Ya ng'ombe iko tamu zaidi. Hapa peke yangu naweza kusema.

Vitambaa nimefua, nimeanika. Kile cheupe nimekianika pembeni, mbali na vingine, upande wa upepo. Kingoje pale mpaka Neema arudi.