Kibao Mlangoni Pako

Mji Mkongwe, Esslingen
18 Novemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Eberhard,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Chile, na mkeo Marisol hajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi wazima. Goti langu linanisumbua kila nikipanda ngazi, na ngazi za nyumba hii unazijua. Baba ni mzima wa mwili na wa mdomo.

Nianze na nyumba, maana ndiyo iliyotutoa jasho mwaka huu. Mwezi wa tano ile nguzo kubwa ya mwaloni, upande wa kwa Bi Häberle, ilikutwa imeoza. Nje inapendeza, ndani unga mtupu. Wakaguzi wakasema itengenezwe kabla ya baridi, la sivyo tuhame. Baba akajibu kwamba atatoka humo akiwa amebebwa.

Seremala, Bwana Reinhold, alipanda mpaka darini, akashuka akitikisa kichwa. Nyumba yetu na ya Bi Häberle zimeegemeana tangu enzi za mababu, ukiinua moja nyingine inaanguka. "Mzee, ziinuliwe zote kwa pamoja, au mimi simo," alimwambia Baba. "Nenda kaongee na jirani."

Sasa unakumbuka ugomvi wao. Kibao cha zamu ya kufagia uchochoro huhama kila Jumamosi, kutoka mlango wetu kwenda wake na kurudi. Baba alishikilia kwamba Bi Häberle alikitundika kwetu kabla ya siku yake ili akwepe majani ya vuli. Tangu hapo kila mmoja akawa anafagia mpaka katikati, na salamu hakuna.

Nilimbembeleza majira yote ya joto.

"Maneno mawili tu, Baba."

"Aje yeye. Aliyekosa ni yeye."

Nililia jikoni, Eberhard, kwa hasira. Mtu mzima yuko radhi kuangukiwa na dari kuliko kubisha hodi kwa jirani! Nikakufikiria wewe pia. Tangu yale maneno mliyotupiana wewe na Baba kwenye mazishi ya Mama, hajalitaja jina lako, nawe barua zako unaniandikia mimi peke yangu. Mmefanana kupita kiasi.

Halafu Jumamosi moja ya mwezi wa nane nikasikia ufagio. Nilipochungulia dirishani, Baba alikuwa amepita katikati, anafagia mpaka kizingitini kwa Bi Häberle. Bibi akatoka na aproni yake.

"Gottlob, umepotea njia?"

"Ni zamu yangu."

"Umechelewa miaka mingapi, mwanaume wewe?"

"Ndiyo maana takataka ni nyingi. Nipishe."

Bibi akamtazama weee, kisha akanyoosha kidole. "Pale pembeni umeruka."

Na Baba akarudi, akafagia pembeni.

Mwezi wa tisa nyumba zikainuliwa kwa jeki, taratibu, mbao zikilalama. Nguzo mpya imeshika. Nyumba bado imepinda, na dirisha la jikoni bado halifungiki. Bwana Reinhold alisema akiinyoosha kabisa itavunjika, bora ibaki ilivyozoea. Nimelifikiria sana neno hilo. Siku hizi Bi Häberle huja kula dengu na tambi kwetu, na kuzisema tambi zangu.

Jumamosi iliyopita zamu ilirudi kwetu, lakini kibao sikukiona mlangoni. Nikaogopa kwamba ugomvi umeanza upya. Nilikikuta ghorofani, kimetundikwa kwenye mlango wa chumba chako. Nilipotaka kukitoa, Baba akaniita kutoka chini.

"Kiache hapo! Hiyo zamu ya mwenye chumba."

"Mwenyewe yuko Chile, Baba."

"Najua alipo. Afanye haraka, majani yanaoza."

Akarudi kwenye gazeti lake. Tangu siku hiyo uchochoro haujaguswa. Majirani wanapita wakitutazama vibaya, na unajua hapa kwetu hiyo ni aibu ya namna gani. Baba anaibeba kila siku, anawaamkia wote kama kawaida, na ufagio hataki mtu aushike.

Nisalimie Marisol, na umbusu mwanenu Tomás kwa niaba yangu. Bi Häberle anakusalimu. Shangazi Ottilie pia, anauliza kama bado unapenda keki yake ya maboga. Mungu akulinde huko uliko, na akufungulie njia.

Ufagio uko palepale, nyuma ya mlango.

Dada yako akupendaye siku zote,
Gudrun