Mama Alipolala Relini

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, Wifi na wanangu wote. Je, mgongo umepoa, au bado unakuinamisha kama mtu aliyedondosha sindano? Mimi mzima, ila goti linanung'unika kila nikipanda ngazi. Naliacha linung'unike, angalau humu ndani kuna kinachosema.

Kazi ipo, kidogo kidogo. Tangu shemeji yako atangulie, naamka, nashona, nakula nimesimama, nalala. Siku za kazi wateja huniletea maneno pamoja na vitambaa. Jumapili ndiyo ngumu. Cherehani ikinyamaza, nasikia mpaka saa ya ukutani kwa jirani.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita nilitoka. Halmashauri imebandika vibao vya shaba mjini kueleza ghasia za wakati wa vita, mwaka ule uliozaliwa wewe. Nikasema nivifuate kwa miguu, watu wasije wakasema nimeozea ndani.

Cha kwanza kipo sokoni, pale kwenye vitunguu. Kinasema watu wenye njaa walivunja ghala la unga, askari wakafyatua risasi. Miaka yote hii nakanyaga pale nikibishana bei, kumbe!

Kingine kipo ukutani mwa posta, walipokuwa wakibandika majina ya vijana waliotakiwa jeshini, watake wasitake. Waliokuja kusoma walikuja wawili wawili, wakisomeana kwa sauti. Mimi nilisoma kimoyomoyo, nikageuka nimwambie shemeji yako neno, nikakutana na nguzo ya umeme.

Cha mwisho kipo stesheni. Wanawake walilala relini kuizuia treni iliyokuwa ikiwapeleka vijana vitani, wakaondolewa. Basi, kimeishia hapo.

Kwenye benchi la jirani alikaa mzee mmoja, fundi saa mstaafu, kofia mkononi. Akanisemesha bila hata kunitazama: "Eti wakaondolewa. Kama mizigo."

"Uliwaona, baba?"

"Nilikuwa ndani ya behewa, mwanangu. Kijana mzima, nalia mpaka kamasi zinanitoka."

Akanieleza. Wanawake waliburutwa mmoja baada ya mwingine, mpaka askari wakamfikia mama mmoja mwenye mimba kubwa. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Ofisa akaja mwenyewe na kirungu, akampiga nyongani. Yule mama hakulia. Alimtazama, akamuuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabehewa: "Kwani wewe ulizaliwa na jiwe?"

Kaka, lisome tena swali hilo. Nani alikuwa akituuliza hivyo kila tulipopigana? Na nani alituapia kwamba kuchechemea kwake kulitokana na kuteleza kisimani?

Nikamuuliza mzee kama mama yule alikuwa na alama yoyote. Akagusa shavu lake la kushoto. "Kovu la moto. Kama jani." Nikahamia benchi lake, Kaka: ni jani lile lile la shavuni kwa Mama.

Askari walipokuwa wakihangaika naye, vijana wengi waliruka upande wa pili wa treni wakatokomea. Mzee huyu alikuwa mmoja wao. Baba yetu, naye akiwa ndani ya treni ile, hakuruka. Tunajua alikwenda, na tunajua alivyorudi.

"Yuko wapi sasa, mama yule?" akaniuliza.

"Tulimzika zamani."

Akainamisha kichwa. "Nimemtafuta ujana wangu wote nimwambie asante tu. Na mtoto je, alipona?"

Nikamwambia mtoto ana mvi, ana wajukuu, ana mgongo mbovu. Mzee akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia.

Tukaendelea kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kukaa kando yangu bila kuwa na nguo ya kushonewa. Alipoinuka, aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaukaza. "Huu si wako," akasema. "Mfikishie yule mtoto."

Msalimie sana Wifi. Mwambie gauni lake lipo tayari, na kama amenenepa nimeacha akiba pembeni. Wasalimie kifungua mimba wako, kitinda mimba na wale mapacha watukutu. Shangazi yao anawakumbuka. Mungu awafunike kwa rehema zake, na asikuchoshe kabla hatujaonana.

Kaka, sikukulaumu uliposhindwa kuja mazikoni kwa shemeji yako, wala sikuwahi kukuita. Leo nakuita. Salamu nyingine posta inabeba, lakini mkono ule hauingii kwenye bahasha. Njoo uupokee.

Mimi mdogo wako akupendaye daima,
Kifungo