Namba ya Odeta

Ilembo, Mpanda

Dada yangu mpenzi Vénérande,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, ambaye bado anaitwa bibi harusi hata akienda bombani. Nyie huko Mishamo hamjambo? Shemeji na watoto wazima? Mimi nampenda Heri hadi naona aibu. Akirudi kutoka Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki, ananilambisha asali mbele ya wageni!

Dada, mama mkwe wangu, Mama Tereza, ametoka hospitali ya rufaa. Saratani ya koo la chakula imeshafika mbali. Akiwa wodini alitapika damu nyingi, kumbe uvimbe umetoboa mshipa mkubwa utokao moyoni. Madaktari wakapitisha kibomba cha waya kwenye paja, wakakisukuma hadi kifuani, kikaziba tundu kwa ndani. Damu ikakata. Ila walisema wazi, wameziba damu, hawajaondoa ugonjwa.

Na muuguzi aliyemkimbiza mama na kitanda chake kwa madaktari ni nani? Odeta! Yule aliyekuwa mchumba wa Heri kabla yangu. Sasa nyumba nzima ni Odeta. Heri anasema Odeta ana mikono myepesi. Shangazi yake Heri akaniuliza mimi najua nini zaidi ya kukoroga uji na kuchekacheka. Nikacheka, roho ikiungua. Odeta akipiga simu kumuulizia mgonjwa, Heri hutoka nje, eti mtandao mbovu. Mimi nasugua sufuria iliyokwisha takata, nikitega sikio.

Juzi nikimnywesha mama uji, akanishika mkono. Akasema damu ikirudi hataki kusafirishwa tena, anataka kufia hapa nyumbani. Alijua Heri hatakubali, atataka Odeta aandae kitanda kule hospitali. Akaniomba siku hiyo nisiruhusu Odeta apigiwe.

Dada, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba Odeta hataitwa. Halafu nikaogopa. Nikimzuia Heri, nitajuaje kama nimemtii mama au nimeutii wivu wangu?

Basi jana nikachukua namba ya Odeta kwenye simu ya Heri, nikampigia mwenyewe, nikamweleza neno la mama. Akalia. Anakuja Jumamosi, tumwambie Heri pamoja. Nimemtandikia zile shuka nyeupe ulizonipa harusini. Wivu bado unaniuma, lakini nimezipiga pasi.

Wabusu watoto, na mama yetu mwambie namuota. Tuombeeni.

Mdogo wako akupendaye,
Joséline wa Heri